Nakala ya Saa Sita Nyuma

Simu ya saa nane na nusu mchana ilimkuta msimamizi wa hifadhidata ana kipande cha mkate mdomoni na viatu amevivua chini ya meza. Miguu ilikuwa imevimba tangu asubuhi. Katika chumba kile cha ghorofa ya pili, chenye feni moja na makabati mawili ya mafaili yasiyofunguliwa na mtu, hakuna aliyekuwa na muda wa kuangalia miguu ya mwenzake.

"Mama Nakala," sauti ilisema. Alikuwa muuguzi wa zamu wa hospitali ya pili, mwanamke anayeongea polepole kama anayehesabu matone ya dripu. "Nina swali la kijinga."

"Uliza. Leo nimeshapokea matatu, la nne haliniui."

"Hivi watu siku hizi wamepona aleji?"

Msimamizi akatafuna polepole zaidi.

"Nina mzee hapa," muuguzi akaendelea, "ananiambia penisilini humvimbisha uso mpaka macho yanafunga. Namwangalia kwenye skrini nakuta 'Hakuna mzio unaojulikana'. Nami ndiye niliyemwandika mwezi uliopita, kwa vidole vyangu hivi. Nikatazama wa kitanda cha pili, hakuna. Cha tatu, hakuna. Wodi nzima, mama, wana afya ya chuma."

"Usimchome mtu sindano yoyote kwa kutegemea hiyo skrini," msimamizi alisema. "Uliza kila mmoja kwa mdomo. Na waambie wenzako. Nakupigia."

Akauweka mkate juu ya karatasi, akafungua dirisha la seva kuu, akauliza jedwali la mzio lina safu ngapi, safu moja kwa kila mgonjwa. Jibu lilirudi mara moja: kumi na tisa. Asubuhi zilikuwa elfu arobaini na moja na zaidi. Zote kumi na tisa zilikuwa zimeandikwa leo, baada ya saa tatu.

Hakuhitaji kumshuku mtu. Alirudisha dirisha nyuma mpaka kwenye kazi za asubuhi, na pale ikawepo, imetulia kama stakabadhi: amri yake mwenyewe ya kufuta kila kitu kwenye jedwali la mzio, saa tatu na dakika kumi na mbili, na chini yake taarifa kwamba safu 41,318 zimefutwa kwa sekunde mbili. Mwanzoni mwa mstari, kwa herufi ndogo nyeupe, lilikuwepo jina la seva. Si ile ya majaribio. Kuu.

Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya mafunzo ya wauguzi wapya, alisafisha seva ya majaribio, ambamo waliishi wagonjwa mia tatu wa kubuni wenye mizio ya kubuni. Kazi ya dakika tano. Kwa miaka kumi na moja aliifanya kwa rangi: dirisha la seva kuu lilikuwa jekundu, la majaribio kijani. Jekundu, mikono nyuma. Kijani, fanya utakalo. Ilikuwa njia nzuri kiasi kwamba aliacha kusoma majina. Juzi laptopu yake ya zamani ilikufa, jana akaletewa mpya, na kwenye laptopu mpya madirisha yote yalikuwa meusi. Alijua hilo. Alikuwa amejiandikia kwenye kikaratasi: "rudisha rangi." Kikaratasi kilikuwa bado kimebandikwa kwenye ukingo wa skrini. Alipobonyeza asubuhi ile alikuwa ameshika simu kwa bega, akimweleza karani wa hospitali ya nne kwamba printa isiyochapa si kazi ya hifadhidata, na jicho lake lilikuwa limeona dirisha lisilo jekundu. Hiyo ndiyo hesabu nzima. Hakuona haja ya kuipamba.

Alivaa viatu.

Hospitali zilikuwa tano, kila moja na seva yake. Kinachoandikwa kwenye seva kuu hufika kwenye nyingine nne kabla mwandishi hajanyanyua kidole, ndiyo maana mgonjwa aliyeandikwa mashariki anajulikana magharibi. Uzuri huo ulikuwa na upande wake wa pili: kinachofutwa nacho hufika vilevile, kwa uaminifu uleule. Saa tatu na dakika kumi na mbili na sekunde tatu, elfu arobaini na moja walikuwa wamefutwa mahali pote patano, na mfumo haukulia, kwa sababu kwa macho ya mfumo hakuna kilichoharibika. Mtu asiye na safu kwenye jedwali la mzio ni mtu asiye na mzio. Kosa kubwa lilikuwa limevaa sura ya habari njema.

Lakini ilikuwepo seva ya sita. Hiyo aliiomba yeye mwenyewe, akaipigania kwenye vikao viwili, na tangu isimikwe haikuacha kumletea utani. Ilipokea kila badiliko kama wenzake, ila haikulitekeleza mpaka zipite saa sita kamili. Ofisini waliiita Babu. Mtu akichelewa kuelewa jambo, waliambiana, "Mwache, huyo yuko na Babu, bado anakunywa chai ya asubuhi." Msimamizi alikuwa amecheka mara ya kwanza na ya pili.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika thelathini na nne. Kwa Babu ilikuwa bado saa mbili na dakika thelathini na nne asubuhi, na wagonjwa wote elfu arobaini na moja walikuwepo, na mizio yao. Wangekuwepo kwa dakika thelathini na nane zaidi.

Akajaribu kumfikia Babu kwa mtandao ili amsimamishe. Dirisha likazunguka, likazunguka, likakata tamaa.

Mkuu wa mifumo alikuwa chumba cha pili, mwanamume mrefu mwenye tabia ya kusimama mlangoni pake kana kwamba chumba si chake. Msimamizi alimweleza kwa sentensi nne. Ya nne ilikuwa: "Nimefuta mimi."

Mkuu alikaa. "Nakala za akiba?"

"Ya mwisho ni ya Jumapili. Za kila siku tulisimamisha diski ilipojaa."

"Na daftari la mabadiliko? Si tunaweza kuanzia Jumapili tukaenda mbele?"

"Linashika siku mbili tu. Sababu ni diski ileile. Leo Alhamisi. Kuanzia Jumapili usiku mpaka Jumanne mchana hakuna kitu. Nimehesabu kwenye ripoti za usajili, ambazo hutoa idadi bila majina, ni watu mia na kumi na wanne. Hatutajua ni nani. Tutarudisha jedwali, litaonekana limejaa, na hao mia na kumi na wanne watakaa humo bila mizio yao mpaka siku mtu atakapowachoma sindano."

"Babu je?"

"Mtandao wa jengo alimo umekatika tangu saa sita."

Uso wa Mkuu ukafunguka. "Basi yuko salama. Amri haitamfikia."

"Ilishamfikia. Ilifika saa tatu na dakika kumi na mbili, kama kwa wengine. Imekaa ndani yake inangoja saa yake. Kukatika kwa mtandao hakumlindi yeye, kunatuzuia sisi."

Mkuu akajisogeza kitini. Alikuwa mtu mwelewa, tatizo lake ni kwamba alipenda kuelewa akiwa amekaa. "Unataka nini?"

"Kwanza, upige simu hospitali zote tano. Wasiamini skrini kwenye mzio, waulize kwa mdomo."

"Tukitangaza sasa, kesho tuko kwenye kikao cha bodi. Ngoja tuone kama Babu..."

"Wanaendelea kuandikiwa dawa, Mkuu. Sema ni mimi, sema umenisimamisha kazi, sema lolote. Ila piga."

Mkuu akavuta simu. Msimamizi hakungoja kusikia atasema nini. Saa nane na dakika arobaini na moja.

Babu hakuwekwa pamoja na seva nyingine kwa makusudi, ili moto ukiwaka isiungue familia nzima. Alikaa hospitali ya tatu, kwenye jengo la zamani, saa nzima kwa gari barabara ikiwa na huruma. Chumba pekee kilichopatikana kule chenye umeme wa uhakika kilikuwa stoo ya nyuma ya chumba cha kufulia. Fundi wa kompyuta wa pale alikuwa likizo ya uzazi. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa dobi mkuu, mwanamke wa makamo ambaye hospitali nzima, madaktari wakiwemo, ilimwita Shangazi. Yeye na msimamizi walikuwa na miaka mitatu ya kutosalimiana vizuri.

Ilianza na pasi. Siku moja Shangazi, soketi zake zikiwa zimekufa, aliingia stoo, akachomoa kitu chenye taa nyingi asichojua kina faida gani, akachomeka pasi yake. Betri ya akiba ya Babu ililia kwa dakika arobaini, ikanyamaza, na Babu akanyamaza nayo. Msimamizi alikwenda siku ileile, wakatupiana maneno mlangoni, na kesho yake akamwandikia barua yenye vipengele vinne. Aliiandika vizuri. Barua zake zote aliziandika vizuri.

Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na ngurumo za mashine.

"Kufulia."

"Shangazi, habari za kazi. Hapa ni makao makuu, kitengo cha mifumo. Ni mimi, yule wa mashine ya stoo."

"Nzuri." Neno lilitoka limepigwa pasi.

"Nina shida kubwa na nina dakika chache. Naomba uingie stoo uizime ile mashine. Sasa hivi."

Shangazi alipaza sauti kushinda mashine. "Unasema wewe ni nani?"

"Mama Nakala. Tulionana ile siku ya pasi."

"Ngoja."

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, nyayo za kandambili zikienda, zikirudi. Karatasi ikachakarika ndani ya plastiki.

"Nimeitundika ukutani, maana niliambiwa nisiisahau," Shangazi alisema. "Kipengele cha nne. 'Mtu yeyote akipiga simu na kudai ni mimi, au kwamba ametumwa na ofisi yangu, akikutaka uizime mashine au uiguse kwa namna yoyote, usikubali. Jambo hilo likihitajika nitafika mwenyewe.' Halafu sahihi. Halafu muhuri. Sasa wewe umepiga simu unadai ni wewe."

Msimamizi alifunga macho. Mwaka ule matapeli walikuwa wakipiga simu kwenye maofisi, wakijifanya mafundi. Alikifikiria kipengele kile jioni nzima. Alifurahia hata mpangilio wa maneno.

"Niliiandika mimi, Shangazi. Naifuta."

"Kwa simu?"

"Kwa simu."

"Ndivyo tapeli angesema."

 Mkuu, aliyekuwa amemaliza hospitali ya tatu kwa upande wa wauguzi, akaegemea mlango na kunyoosha mkono. Akapewa simu.

"Shangazi, mimi ndiye mkuu wa mifumo, nakuamuru kwa mamlaka niliyonayo..."

"Na mimi malkia wa mapovu," sauti ilisikika mpaka upande wa pili wa meza. "Mrudishie mwenyewe."

Simu ikarudi. Saa nane na dakika hamsini. Wakati huohuo simu yake ya mkononi ikawaka juu ya meza: baba watoto. Akaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Umekula?" mumewe aliuliza.

"Nitakupigia."

"Hiyo nimeisikia tangu tuoane," akasema bila hasira, na akakata.

"Nani huyo?" aliuliza Shangazi.

"Mume wangu. Anauliza kama nimekula."

"Hujala?"

"Nusu mkate."

Shangazi akaguna. Mguno ule haukuwa wa kirafiki, lakini haukuwa wa barua pia. "Haya, niambie. Ile siku ya pasi, mimi na wewe tu mlangoni, nilikuambia nini?"

Msimamizi alikumbuka. Alikuwa amerudia maneno yale kichwani, njiani kurudi, na siku nyingi baadaye. "Uliniambia mashine yangu inatoa joto kuliko pasi yako na hainyooshi hata leso."

"Na wewe ukanijibu?"

Hilo nalo alilikumbuka. Angependa lisiulizwe. Mkuu alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Nilikuambia haitegemewi dobi aelewe."



"Ni wewe," Shangazi alisema. "Tapeli angesema umenijibu vizuri. Sasa nieleweshe huyu dobi. Inazimwa kwa nini? Nani kakosea?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Asubuhi nimefuta orodha ya watu ambao dawa fulani zinawadhuru. Hospitali zote. Nilidhani nipo kwenye orodha ya mazoezi. Imebaki nakala moja tu, hiyo ya stoo kwako, kwa sababu inakwenda saa sita nyuma. Ikifika saa tisa na dakika kumi na mbili itajifuta na yenyewe. Sasa ni saa nane na hamsini na tatu."

"Orodha ya watu wangapi?"

"Elfu arobaini na moja."

"Mimi nimo," Shangazi alisema. "Salfa. Niliota malengelenge mdomo mzima." Kisha, mbali na simu, kwa sauti ya kufanyia kazi: "Zimeni hiyo namba mbili, sisikii." Ngurumo moja ikafa. "Simu yenye waya haifiki stoo. Nipe namba yako, nakupigia kwa yangu."

Dakika tatu za kungoja ziliingia pale. Msimamizi alizitumia kusoma kikaratasi cha "rudisha rangi", mara nyingi kuliko kilivyostahili. Simu ikaita.

"Nipo mbele yake," Shangazi alisema. "Nichomoe?"

"Hapana. Ukichomoa itaendelea kwa betri, dakika arobaini, na hizo hatuna. Kuna kitufe mbele ya mashine yenyewe. Tatizo ni kabati. Limefungwa, ufunguo ninao mimi. Una nyundo? Chuma chochote, uvunje kufuli."

Alisikia mlango wa chuma ukilia kwenye bawaba zake.

"Shangazi?"

"Kabati liko wazi."

"Liko wazi vipi?"

"Kufuli lilikufa zamani. Mwaka wa pili huu." Kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Hii mashine inatoa hewa ya moto nyuma. Mvua zikinyesha sina pa kukaushia. Naweka foronya humo ndani. Kipengele cha tatu najua kinasemaje."

Siku nyingine msimamizi angekuwa na mengi ya kusema kuhusu unyevu, vumbi la pamba na matundu ya hewa. Aliyajua yote kwa takwimu.

"Ziko ngapi sasa?"

"Kumi na mbili."

"Zitoe. Usiharakishe, usivute waya wowote. Halafu uniambie unaona nini."

Alisikia kitambaa kikianguka juu ya kitambaa. Shangazi alikuwa akihesabu kwa kunong'ona. Saa tisa na dakika mbili.

"Naona masanduku mawili bapa. La juu lina taa za kijani, la chini lina mwanga wa maandishi."

"La chini ndiyo betri, liache. La juu, mkono wa kulia, kuna kitufe cha duara chenye taa ndani. Kina ukubwa wa kifungo cha shati."

"Nakiona."

"Kibonyeze, usikiachie. Hesabu mpaka kumi. Ukikiachia mapema itajizima kwa adabu zake yenyewe, na sijui itachukua muda gani."

"Moja," alisema Shangazi. "Mbili." Alihesabu kama anayepokea shuka kutoka wodini, kila namba na uzito wake. Kwenye saba akasema, "Imezimika taa," na kwenye nane, "Kelele imeisha," lakini aliendelea mpaka kumi kama alivyoambiwa. "Sasa?"

Saa tisa na dakika nne.

"Sasa hakuna. Asiiguse mtu mpaka nije. Na akipiga mtu simu akasema ni mimi..."

"Najua la kumwuliza," Shangazi alisema.

Gari la ofisi lilimfikisha saa kumi na robo. Chumba cha kufulia kilikuwa kirefu, sakafu ya saruji imelainishwa na maji ya miaka mingi, mashine nne ukutani, na meza moja pana ambapo wanawake wawili walikuwa wakikunja shuka bila kutazamana, pembe kwa pembe. Shangazi alimtangulia stoo. Ukutani, juu ya swichi, barua ilining'inia ndani ya plastiki yake, muhuri na yote.

Msimamizi alikaa juu ya kikapu kilichogeuzwa, akachomeka laptopu na kibodi, akamwasha Babu kwa amri ya kumzuia asiendelee na foleni ya mabadiliko yanayongoja saa yao. Akasoma jina la seva mwanzoni mwa mstari. Akalisoma tena, kwa kidole. Kisha akauliza jedwali la mzio lina safu ngapi.

41,311. Alifanya hesabu: nyingine saba ziliandikwa kati ya saa tatu na dakika nne, Babu alipoishia, na saa tatu na kumi na mbili. Hizo alizipata kwenye foleni, zimekaa kwa mpangilio mbele ya amri ya kufuta, akazitoa moja moja. Jumla ikatimia. Alinakili jedwali kwenye diski ya mkononi, akanakili mara ya pili kwenye diski nyingine, akalinganisha nakala mbili, ndipo akapumua kwa namna ya kusikika.

"Zipo?" Shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

"Zipo. Na salfa yako ipo."

Shangazi alimletea chai ndani ya kikombe cha chuma na kipande cha mkate kilichofunikwa kitambaa safi. Hakusema ni cha nani. Kwenye pindo la kitambaa kulikuwa na uzi mwekundu, na kando ya uzi, kwa mshono mdogo mweusi, neno: UPASUAJI.

"Mnatia alama kwa rangi," msimamizi alisema.

"Nyekundu upasuaji, bluu wodini, njano wodi ya kutengwa."

"Sasa mbona mnashona na jina?"

Shangazi alimtazama kuona kama ni dharau, akaona si dharau. "Rangi inachuja. Ukifua mara hamsini, nyekundu na njano ni ndugu. Zamani tulikuwa tunaangalia uzi tu. Siku moja shuka za wodi ya kutengwa zikaenda upasuaji. Tangu hapo, anayekunja lazima alisome jina kwa sauti. Wanachoka, wananinung'unikia. Nanung'unikiwa."

Mmoja wa wanawake wa mezani, pasipo kuinua kichwa, alisema, "Wodi ya watoto," akaweka shuka upande wa kushoto.

Msimamizi alikula mkate wote.

Alituma nakala makao makuu kwa intaneti ya simu yake, na kabla ya magharibi jedwali lilikuwa limerudi kwenye hospitali zote tano, pamoja na safu zilizoandikwa mchana ule. Mkuu alipiga simu kusema amehesabu: tangu saa tatu na dakika kumi na mbili mpaka simu zake za saa nane, wagonjwa mia moja na sita walikuwa wameandikiwa dawa. Wawili kati yao walipewa dawa ambazo jedwali lingewakataza. Mmoja, hospitali ya nne, hakupatwa na lolote. Mwingine, hospitali ya kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, alivimba midomo na kubanwa pumzi, akachomwa sindano, akalazwa. Alikuwa anaongea.

"Anaongea vizuri?"

"Anaomba chakula."

"Niandikie namba ya wodi," msimamizi alisema. "Kesho nitakwenda."

"Si lazima uende wewe. Ripoti inatosha."

"Ripoti naandika sasa."

Aliiandika palepale, juu ya kikapu, kwa sababu stoo ilikuwa na joto na miguu ilikataa kunyanyuka. Mahali pa chanzo cha tukio, ambapo kwa miaka kumi na moja alikuwa amesoma na kuandika maneno kama "hitilafu" na "mkanganyiko wa mazingira", aliandika: "Msimamizi wa hifadhidata alifuta jedwali la seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya majaribio. Hakusoma jina la seva." Chini ya hatua za kuchukuliwa aliandika ombi la diski kubwa zaidi, kwa mara ya nne, na nakala ya kila siku. Kisha akaandika kwamba kuanzia leo amri yoyote ya kufuta isikubali kutekelezwa mpaka anayefuta aandike jina zima la seva, herufi kwa herufi. Akaongeza na chanzo cha pendekezo: chumba cha kufulia, hospitali ya tatu.

Alipomaliza, alisimama, akaitungua barua ukutani. Kipengele cha nne alikikata kwa mstari mmoja wa kalamu, akaandika pembeni kwamba dobi mkuu anaruhusiwa kuizima mashine akiridhika kwamba anayepiga simu ndiye. Akatia sahihi. Muhuri hakuwa nao.

Shangazi alisoma, midomo ikitembea. "Na cha tatu?"

"Cha tatu kinabaki. Foronya zina unyevu, mashine itakufa."

"Mvua zikinyesha nianike wapi?"

Msimamizi aliangalia nyuma ya kabati, hewa ya moto ilipotokea, akapima kwa macho mpaka ukutani. "Kamba inaweza kupita hapa. Mita moja kutoka kwenye mashine, isiwe chini ya hapo. Lakini ndani ya kabati, hapana."

"Mita moja," Shangazi alisema. "Andika."

Akaandika. Barua ikarudi kwenye plastiki yake na kwenye msumari wake.

Garini, baba watoto alipiga tena. Alimwuliza kama amekula, akasema ndiyo. Akamwuliza siku ilikuwaje. Aliegemeza kichwa kwenye kioo, taa za barabarani zikimpitia usoni moja baada ya nyingine, akaanza kumweleza tangu saa tatu na dakika kumi na mbili, na safari hii hakumwambia atampigia.